Mtoto aliyerudishwa kutoka chekechea ya madrasa



Ndugu Waislamu, tulipopita Mwamapalala, kata iliyokuwa ya Bariadi na ambayo sasa imo wilayani Itilima, Mkoa wa Simiyu, mama mmoja alitujia baada ya swala ya Ijumaa akiwa na mwanawe wa miaka mitano, mwenye ualbino. "Sheikh, wamenirudishia mtoto," alisema. "Ustadhi kasema haoni ubaoni, anawachelewesha wenzake." Madrasa hiyo hatuitaji, kwani aibu si yake peke yake. Sisi wenyewe tumewahi kumkalisha nyuma mtoto wa namna hiyo tukidhani tunamhurumia.

Kanda ya Ziwa haijasahau mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoshamiri katika miaka ya 2007 na 2008, na wapo wazazi waliowaficha watoto ndani kwa hofu. Mtoto akikataliwa na walimu wa dini, atatokea mlango gani?

Hebu tuitazame Suratu Abasa. Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, alimjia Mtume (SAW) kutafuta elimu, naye Mtume alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikuraishi. Alikunja uso, na wahyi ukashuka kumzindua. Kipofu huyo baadaye akawa muadhini pamoja na Bilal. Katika Ramadhani, watu wa Madina waliacha kula daku kwa adhana yake. Mtume alipokuwa safarini, alimwachia kuwaswalisha watu.

Jambo lenyewe halina gharama kubwa. Mtoto mwenye ualbino kwa kawaida ana uoni hafifu, na mwanga mkali humuumiza macho. Akae mstari wa mbele, kivulini, mgongo wake ukielekea dirisha. Alifu na bee ziandikwe kubwa, kwa wino uliokoza. Akiisogeza juzuu hadi puani, asigombezwe kwamba hana adabu. Kanzu ya mikono mirefu humkinga na jua, ila kofia yetu ya kushona haina ukingo. Anunuliwe ya pama.

Wapo waliotutangulia. Bi Swafiya Said alianza kazi ya shule za awali za madrasa Mombasa mwaka 1986, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan; mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990. Humo watoto hujifunza kwa kushika na kucheza, kwa vifaa vinavyookotwa mtaani, njia inayomfaa pia asiyeona ubao. Na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma sawa na wenzake.

Jioni ile tulizungumza na ustadhi. Alihofia kwamba wazazi wengine wangewaondoa watoto wao. Tukamuuliza ni wangapi, akataja wawili. Jumapili tulimkuta mtoto mkekani, mstari wa mbele. Kofia ya pama ilikuwa bado haijanunuliwa.