Mwalikwa, Usibaki Chini ya Mwembe

Jumamosi moja pale Kibaha, wakati shoga yangu anatamka maneno ya ndoa mbele ya padri, shangazi wa bwana harusi alikuwa nje ya kanisa, chini ya mwembe, amejitanda khanga yake mpya. Si kwamba alichelewa. Alitoka Kisarawe alfajiri na kosta ya kukodi, wakapita Pugu na Gongo la Mboto, wakavumilia foleni mpaka Mbezi, ndipo wakaishika Barabara ya Morogoro hadi Mailimoja. Alifika saa nzima kabla ya muda. Ila hakuingia, na kwa kuwa yeye hakuingia, ndugu wengine kama kumi nao wakabaki naye kivulini.

Nikamfuata. "Shikamoo shangazi, mbona huku nje?"

"Marahaba mwanangu. Mtoto wa kaka yangu nampenda. Lakini siwezi kukaa humo nikamwangalia anabatizwa."

Jamani! Hakuna aliyekuwa anabatizwa. Na mwenye kosa nilikuwa mimi, kwa sababu kwenye kamati ya harusi ndiye niliyepewa kazi ya wageni. Tulikaa vikao kibao, tukabishana kuhusu rangi ya vitambaa vya ukumbini, keki na MC. Hata dakika tano hatukutenga za kuwaeleza wakwe zetu Waislamu nini kingetokea ndani ya lile jengo. Nilipomaliza kumweleza, viapo vilikuwa vimeshapita. Vigelegele vya mtoto wake alivisikia kupitia dirishani.

Sasa mpenzi msomaji, ngoja nikwambie nilichopaswa kumwambia yeye. Mkoa wetu wa Pwani ndivyo ulivyo, ukoo mmoja una msikiti na kanisa. Wamisionari Wabenediktini walifika Pugu, jirani kabisa na Kisarawe, mwaka 1888, hivyo Ukatoliki si mgeni maeneo yale. Lakini kusikia kengele ni jambo moja, kujua kinachofanyika ndani ni jambo jingine.

Mkatoliki akitaka kuoana na mtu ambaye hajabatizwa, anaomba ruhusa ya Askofu. Bila ruhusa hiyo Kanisa haliitambui ndoa. Anayetoa ahadi ni yule Mkatoliki: kwamba atailinda imani yake na atafanya anachoweza watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzake anaelezwa ahadi hiyo mapema ili asije akashtukia mbele ya safari, lakini halazimishwi kubadili dini. Mwislamu anaingia Mwislamu na kutoka Mwislamu. Suala la watoto ni zito, silifichi, na wawili wale walilizungumza miezi mingi kabla. Shangazi angelijua hilo mapema angekuwa na maswali yake, na alikuwa na haki ya kuyauliza.

Ndoa ya namna hiyo kwa kawaida hufungwa bila Misa: masomo, mahubiri, viapo, pete, sala na baraka. Haichukui muda mrefu, kwa hiyo ukichelewa nusu saa umekosa kila kitu. Na hapa niwaseme wale wa "tutakutana ukumbini". Kwa Wakatoliki, ndoa inafanywa na wale wawili wenyewe kwa kukubaliana kwao. Padri anayapokea makubaliano yao kwa niaba ya Kanisa, na mashahidi wawili wanakuwepo. Ukumbini utakula pilau tu, ndoa imeshapita.

Halafu usikae roho juu ukisubiri padri aulize kama kuna mwenye pingamizi, kama kwenye sinema. Kitabu cha ibada hakina swali hilo. Matangazo ya ndoa husomwa kanisani wiki kadhaa kabla, na mwenye neno analipeleka kwa paroko wakati huo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka taarifa itolewe siku 21 kabla. Kama una siri ya bwana harusi, siku ya harusi umeshachelewa, shosti.

Mdogo wa bibi harusi alipopata mchumba, naye Mkatoliki, safari hii sikutuma kadi kwa dereva. Nilikwenda mwenyewe hadi Kisarawe, nikaketi mkekani kwa shangazi.

Maswali yake yalikuwa ya maana kuliko ya kamati nzima. Hijabu? Vaa, wala hakuna atakayekuangalia vibaya. Wanaosumbua ni hawa wenzangu wenye migongo wazi, wabebe hata mtandio. Kofia za wanaume? Hapo nilisema kwa upole kwamba wanaume huvua kofia kanisani, na kwamba nitaongea na mapokezi wasimkemee mzee yeyote. Yale maji ya baraka mlangoni? Pita tu. Kupiga goti? Wengine wakipiga, wewe kaa umetulia. Wakisimama, kusimama nao ni adabu ya mgeni. Kapu la sadaka nalo si la lazima.

"Na ile mnayokwenda kupokea mbele?"

Nikamwambia hii ndoa ina Misa, kwa hiyo itakuwa ndefu na Komunyo itakuwepo. Hiyo ni ya Wakatoliki waliojiandaa kuipokea. Mlutheri au Mwanglikana rafiki yako naye anabaki kwenye benchi, na hata Wakatoliki wengi siku hiyo hubaki. Usiinuke kwa kuogopa macho ya watu. Wa kuona haya ni yule anayemfuata padri hadi altareni na simu anapiga picha. Kutunza kwa noti nako tusubiri ukumbini.

Akacheka, akauliza tarehe. Tukahesabu pamoja tusiguse Ramadhani wala Kwaresima, maana mwaka 2025 vyote viwili vilianza kwa kupishana siku chache tu na kamati nyingi zilihaha.

Siku ilipofika nilimkuta benchi la pili, khanga ileile, wazee wake wameshika kofia mapajani. Pete zilipovishwa, hakusubiri kwaya. Kigelegele cha kwanza kilikuwa chake.