Karo si Gharama Yote: Kuchagua Mafunzo ya Ufundi Eldoret

Mzazi anayemtafutia mwanawe nafasi ya kusomea uchomeleaji Eldoret huuliza karo kwanza. Ni haki yake, ila karo siyo peke yake inayowatoa vijana darasani kabla ya kumaliza.

Katika vyuo vya umma kama Eldoret National Polytechnic, mpango wa 2018 uliweka karo ya shilingi 56,420 kwa mwaka. Serikali ililipa 30,000, zikabaki 26,420, na bodi ya mikopo, HELB, ilikopesha hadi 40,000. Mwaka 2023 ulikuja mfumo mwingine wa ufadhili, kwa hiyo uliza ofisini: mwanangu ameingia kwa mfumo upi, na mfukoni mwangu zinatoka ngapi?

Kisha piga hesabu ya kodi. Tuseme chumba mtaani Langas ni 3,000 kwa mwezi. Hizo ni 36,000 kwa mwaka, tayari zimeipita ile 26,420, na hujanunua unga wala ovaroli. Mkopo ukichelewa, kijana hukimbilia mjengo wiki moja, halafu ya pili, halafu anazoea kushika hela ya jioni.

Ndiyo maana kwa anayeanzia chini ningechagua chuo cha kaunti kilicho karibu na nyumbani, hata kama jina lake halivumi. Lakini kikague. Fika karakana saa nne asubuhi siku ya masomo, utazame sakafu. Ikiwa na vipande vya chuma na madoa ya cheche, watu wanafanya kazi. Mashine ikiwa na vumbi, au vijana kumi na watano wameizunguka moja, fikiria mara mbili: anayesimama nyuma muhula mzima akitazama mgongo wa mwenzake hana kinachomshikilia pale.

Kijana akijifunza kwa fundi wa jua kali, hilo halipo. Siku ya kwanza anashikishwa msasa, na mara nyingi anarudi nyumbani na chochote. Anachokosa ni karatasi, ambayo NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, hutoa kwa mtihani wa ufundi, kuanzia Gredi III hadi I. Patana na fundi mapema nani atalipia mtihani huo, maana wengine humweka kijana miaka akibeba vyuma tu.

Ukiamua chuo, tafuta kozi ya moduli, na uulize akikwama baada ya moduli ya kwanza atatoka na cheti gani. Uliza pia atachimenti, yaani mafunzo kazini, hutafutwa na nani.