Homa Haingoji Mavuno

Namawala ni kijiji cha wakulima wa mpunga kilomita zipatazo 40 kutoka Ifakara, ukingoni mwa bonde linalofurika maji ya mto Kilombero. Watafiti wa malaria wanalijua jina lake hata ng'ambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mbu walitegwa humo usiku, wakahesabiwa na kupimwa, ikakadiriwa kwamba mkazi mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Tangu hapo vyandarua vyenye dawa vimefanya kazi kubwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2001, uliofanyika katika wilaya za Kilombero na Ulanga, ulihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wadogo. Malaria hata hivyo bado ipo bondeni, na anayekutana nayo kwanza mara nyingi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, jirani aliyechaguliwa na wenzake, mwenye rejesta, mkoba na baiskeli.

Kazi yake hasa ni kuokoa saa. Malaria kali inaweza kumuua mtoto mdogo ndani ya siku moja au mbili tangu homa ianze, na kwa mkulima wa bondeni saa hizo hupotea kirahisi. Msimu wa kilimo familia nyingi huhamia shambani, hukaa vibandani wiki kadhaa zikilima, zikipalilia na baadaye kuamia ndege. Chandarua wanakibeba. Zahanati haibebeki. Njia ikijaa maji, safari ya asubuhi moja inakula siku nzima, na baba hujiambia wangoje kidogo, pengine homa itashuka yenyewe.

Mhudumu akifika kibandani, kinachoonekana ni kidogo sana. Anamsalimu bibi kwanza, kwa sababu bibi ndiye ataulizwa kama mtoto aondoke au abaki. Kisha anamwomba mama ampakate mtoto, ampandishe nguo kifuani, amwache atulie. Kwa kuwa si kila homa ni malaria, anatazama saa na kuhesabu jinsi kifua kinavyopanda na kushuka kwa dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na kuendelea kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, humfanya ashuku nimonia. Mtoto akilia, hesabu inaanza upya. Ndiyo maana mhudumu mzuri hana haraka hapo, hata kama mvua inanyesha.

Kisha anauliza: ananyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Jibu moja baya linatosha kumpeleka mtoto zahanati siku hiyo hiyo. Degedege ndilo gumu kuliko yote, maana wazee wengi wanajua dawa yake iko kwa mganga wa kienyeji. Wahudumu wenye uzoefu hawabishani. Husema, “Bibi, tumuwahishe kwanza zahanati apate sindano, hayo mengine tutayazungumza akishaamka.” Maneno hayo yanamwachia bibi heshima yake, na mtoto anaondoka.

Sasa niseme linaloniuma. Mhudumu huyu naye ni mkulima. Wiki ambazo homa ni nyingi ndizo wiki ambazo palizi inamngoja, na nyasi za mpunga hazimhurumii mtu aliyekwenda kutembelea kaya za wengine. Tumezoea kuita hali hiyo moyo wa kujitolea. Mimi naona ni gharama ya huduma ya afya tunayomtwisha mtu maskini, tena mara nyingi mwanamke.

Jaribio la kumlipa limeshafanyika bondeni humo humo. Kuanzia mwaka 2011 mradi wa Connect wa Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake uliwafundisha Wawezeshaji wa Afya ya Jamii, maarufu kama WAJA, kwa miezi tisa, ukawalipa mshahara na kuwapanga katika vijiji vya Kilombero, Ulanga na Rufiji. Matokeo yake yanafundisha: vifo vya watoto kwa jumla havikupungua kama ilivyotarajiwa, na uhaba wa dawa ulikuwa tatizo kubwa. Mtu aliyelipwa na kufundishwa vizuri, akiwa na mkoba mtupu, anabaki kuwa mjumbe wa habari mbaya.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano. Idadi inatia moyo. Kwa Namawala na vijiji vinavyofanana nayo, ningependa mganga mfawidhi na mwenyekiti wa kitongoji wakae pamoja kabla ya mvua za Machi: wajue familia zipi zitahamia shamba gani, posho ya mhudumu imeshafika au la, na mkoba wake umejazwa nini.