Kabla ya kumwita mtoto mtundu, litazame darasa lake

Saa tatu na nusu asubuhi, uji bado uko jikoni. Katika madarasa mengi ya awali ya shule zetu za umma, saa hiyo utakuta watoto wamebanana sakafuni na mwalimu mmoja ubaoni akisomesha a, e, i, o, u. Walio mbele wanaitikia kwa sauti. Walio nyuma hawauoni ubao, kwa hiyo wamejitafutia kazi: mmoja anamvuta mwenzake ukosi, mwingine anabandua rangi ya ukuta kwa kucha, wa tatu amegundua kwamba kisoda kikisuguliwa sana kwenye saruji kinapata moto. Punde si punde wote watatu wamepigishwa magoti mbele ya wenzao, mikono juu.

Yule wa kisoda, kwa maoni yangu, ndiye aliyekuwa anasoma kuliko wote.

Mtoto wa miaka minne au mitano hawezi kutulia muda mrefu, hata akitaka. Uwezo wa kujizuia, kungoja zamu na kukumbuka aliloambiwa ndiyo kwanza unachipuka, na hukua kwa mazoezi, si kwa vitisho. Mtaala wa elimu ya awali wa Tanzania unalijua hilo: umeweka kipindi cha dakika 20, mwalimu mmoja kwa watoto 25. Tatizo ni kwamba elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto walimiminika na madarasa hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Mwalimu mwenye watoto 80 au 100 anashika fimbo kwa kuwa haoni kingine cha kushika. Simlaumu sana. Ila fimbo haipunguzi msongamano.

Pwani yetu ina mfano ambao haupewi heshima yake. Katika miaka ya 1980, wazee wa Kiislamu wa Mombasa waliona watoto wao wanaanza darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, zilianzishwa chekechea ndani ya madrasa za mitaani, na mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said, akawa nguzo ya kazi hiyo. Baadaye mpango ukaingia Zanzibar, kisha Uganda. Mbinu za msingi zilitoka kwa taasisi ya elimu ya HighScope ya Marekani, yenye mizizi katika chekechea ya Perry iliyoanza mwaka 1962 huko Ypsilanti, Michigan. Lakini Bi Swafiya na wenzake hawakuzileta kama zilivyo. Walizivisha kanga: nyimbo za Kiswahili, mafunzo ya dini, na vifaa vya kuokota, kama vifuu, makombe ya pwani, mbegu, makopo na vitambaa vya fundi cherehani.

Chumba chenyewe kinagawanywa kona. Kuna kona ya nyumbani yenye mafiga na vyungu vidogo, kona ya vitabu, kona ya kujengea, na kona ya duka yenye mifuko mitupu ya unga na visoda vya kulipia. Mtoto anasema anataka kwenda wapi, anakwenda, kisha anaeleza alichofanya. Mikono yenye kazi haina nafasi ya kuvuta ukosi wa mtu.

Ugomvi haukosekani, bila shaka. Dukani mizani ya vifuu ni moja na wauzaji ni wawili. Kila mmoja kashika upande wake, kamba inakaribia kukatika. Mwalimu aliyefunzwa hapazi sauti kutoka mbali. Anakwenda, anachutama hadi macho yake yalingane na yao, anaweka mkono juu ya mizani. "Naona mmekasirika. Nyote mnaitaka mizani, na mizani ni moja. Tufanyeje?" Kisha ananyamaza. Hapo ndipo walimu wengi hushindwa, maana kunyamaza ni kugumu. Mmoja atasema, "Mimi nipime, yeye apokee pesa." Mwingine atakataa, watavutana kidogo, na mwisho biashara itaendelea. Dakika tatu zimekwenda, lakini watoto wawili wamejifunza kupatana, jambo ambalo wapo wazee wa baraza wasioliweza.

Mengine ni madogo na hayana gharama. Watoto 60 wakipangwa foleni kwenye ndoo moja ya kunawa, watasukumana tu. Weka ndoo tatu, au waimbe huku wakienda makundi kwa makundi. Ukisema "Msikimbie!", mtoto anasikia kukimbia, sema "Tunatembea." Na yale makofi ya "mpigieni, mpigieni" kwa kila jibu yamechosha. Mwambie mtoto alichofanya: "Umemwachia mwenzako nafasi kwenye mkeka, asante." Atakirudia kesho.

Sheria nazo zipo. Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni kupitia Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Tanzania Bara bado inaviruhusu, lakini kanuni za 1979 zilizorekebishwa mwaka 2002 zinataka visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Fimbo inayokaa mezani kwa mwalimu wa awali kutwa nzima haimo katika kanuni hizo.

Najua jibu la wazazi wengi: sisi tulichapwa na tumekuwa watu. Tumekuwa, ndiyo. Wapo pia walioacha shule kwa kumwogopa mwalimu, na hao hawaji kwenye mkutano wa wazazi kutoa ushuhuda.

Kamati za shule zianzie hapa. Kabla ya kuchangishana fedha za geti jipya, nunueni mikeka na vikombe vya uji kwa darasa la awali, na uji utoke mapema. Tafuteni mama au bibi wawili wa mtaani wamsaidie mwalimu asubuhi, ili darasa ligawanyike makundi. Vifuu, visoda na makopo leteni wenyewe, majumbani mnavyo.