Trump ya Waingereza ni turufu yetu

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja wa Kiingereza hapa Bujumbura alikutana na neno "trump" katika habari tuliyokuwa tukiisoma. Akauliza: "Mwalimu, huyu si yule wa Marekani?" Darasa zima likacheka. Nikawaambia hapa ni kitenzi: kumpiku mpinzani kwa kutoa kitu kinachozidi chake.

"Nani anacheza karata?" nikauliza. Mikono ikainuka. "Basi neno hili mnalijua. Ni turufu."

Sikuwa natania. Maneno hayo ni ndugu wa damu. Warumi wa kale waliyaita triumphus maandamano ya kumpokea jemadari aliyerudi na ushindi. Karne ya 15, Waitaliano wakaziita trionfi karata maalumu zilizokula nyingine zote. Neno likafika Uingereza kupitia Ufaransa, na mwaka 1529 mhubiri Hugh Latimer aliutumia mchezo huo katika mahubiri yake mjini Cambridge. Ndimi zikalifupisha, likawa trump.

Wareno wao walisema trunfo. Walifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593. Walipoondoka walituachia turufu, pamoja na kopa, uru, shupaza na pau.

Mimi turufu niliijua Ulyankulu, Tabora, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972, ambako nilizaliwa na kusoma. Niliporudi Burundi mwaka 2008 sikujua Kifaransa. Nilipewa fomu ya kuomba kazi, nikaikodolea macho tu. Kiswahili changu kiliitwa lugha ya sokoni, na Kiingereza changu hakikuwa na mteja.

Lakini nchi ilikuwa imeshaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2014 Kiingereza kikawa lugha rasmi. Baadhi ya walionicheka wakaniletea watoto wao niwafundishe.

Kila mcheza karata anajua kwamba turufu si lazima iwe karata kubwa. Hata mbili ya turufu humla mfalme wa aina nyingine. Ila mchezo ukiisha, karata huchanganywa upya na turufu hubadilika. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu: jifunzeni Kiingereza kwa bidii, lakini Kirundi, Kifaransa na Kiswahili msivitupe. Wala msimcheke mwenzenu kwa karata aliyoshika.