Je, Wajua? Joka la Maloti Hutema Maji

Filamu na michezo ya kompyuta imetuzoesha joka la namna moja tu: lina mabawa, linatema moto, na limelalia dhahabu ndani ya pango mlimani. Joka hilo lina kwao, nako ni Ulaya. Taabu huanza linapopachikwa juu ya milima ya watu wengine, kama lilivyopachikwa juu ya safu ya Maloti na Drakensberg, iliyosimama kati ya Lesotho na Afrika Kusini. Walowezi waliipa safu hiyo jina la joka, Drakensberg. Lakini milima hii ilikuwa na majoka yake kabla mlowezi yeyote hajaiona. Basotho wanaye Khanyapa, nyoka mkubwa wa vilindini anayehama kutoka dimbwi moja hadi jingine ndani ya kisulisuli. Wazulu wa upande wa mashariki wanaye Inkanyamba, anayehusishwa na maporomoko ya Howick na dhoruba za miezi ya joto. Wasan, waliowatangulia wote hao, walikuwa na mnyama wa mvua. Hakuna hata mmoja kati yao anayetema moto. Wote ni wa maji, na hoja yangu ni kwamba hawakubuniwa kwa kujifurahisha. Ni maelezo ya namna mlima unavyofanya kazi, yaliyotolewa na watu walioutazama kwa makini kuliko wengi wanaokunywa maji yake leo.

Ushahidi wa kwanza umechorwa jiweni. Mwaka 1873 hakimu wa kikoloni aitwaye Joseph Millerd Orpen alipita katika Maloti akiongozwa na Qing, kijana mwindaji wa Kisan ambaye jamaa zake walikuwa wameuawa. Katika pango la Sehonghong kulikuwa na mchoro wa watu wakimvuta kwa kamba mnyama mnene wa miguu minne, asiyefanana barabara na mnyama yeyote wa porini. Alipoulizwa ni mnyama gani, Qing alijibu kwamba ni nyoka, na kwamba watu wale wanamnasa kwa dawa na ukanda mrefu wa ngozi. Orpen aliliandika jibu hilo na kulitilia alama ya mshangao. Nakala za michoro zilifika Cape Town mikononi mwa Wilhelm Bleek, mwanaisimu wa Kijerumani, naye akamwonyesha Diä!kwain, Msan wa jamii ya |Xam kutoka nyanda kame zilizo mbali sana na Sehonghong. Diä!kwain alieleza kwamba yule ni ng'ombe wa maji: watu wamemtuliza kwa dawa, wamemtia kamba puani, na sasa wanamtembeza juu ya eneo kubwa kadiri wawezavyo ili mvua ienee mbali. Maelezo yote mawili yalichapishwa mwaka 1874 katika jarida moja. Mtu anaweza kusema kwamba yanagongana, maana mmoja ameona nyoka na mwingine ng'ombe. Mimi naona hapo ndipo ushahidi ulipo na nguvu. Watu wawili wasio wa jamii moja walitofautiana juu ya umbo, lakini wote wawili walimweka mnyama huyo majini na katika mikono ya waganga.

Madaftari ambayo Bleek na shemeji yake Lucy Lloyd waliyajaza kwa masimulizi ya Wa-|Xam yanaeleza zaidi. Kuna mvua dume, yenye radi, inayoipiga ardhi na kwenda zake. Na kuna mvua jike, laini, inayolowesha polepole. Nguzo za mvua zinazoonekana kwa mbali zikitembea chini ya wingu ni miguu ya mvua yenyewe. Waganga waliopagawa walimtoa mnyama wa mvua katika kisima chake, wakampandisha mlimani, wakamchinja mahali walipotaka maji yamwagike. Fuata mpangilio huo: kisima, mlima, anga, kisha ardhi tena. Mtaalamu wa hali ya hewa angepita njia ileile. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hukutana na ukingo wa milima ambayo vilele vyake vinapita mita 3,000 (Thabana Ntlenyana, kilele kirefu kuliko vyote, kina mita 3,482), hulazimika kupanda, hupoa, na alasiri za miezi ya joto hupasuka kwa radi. Hata kutenganisha mvua dume na mvua jike ni jambo la maana kwa yeyote anayeshughulika na udongo, kwa sababu mvua ya kwanza huchimba makorongo na ya pili ndiyo hasa inayoingia ardhini.

Pingamizi moja linatoka kwa wapenzi wa visukuku, nalo si la kupuuzwa. Milima hii na nyanda zinazoizunguka zimejaa mifupa ya viumbe wa kale. Mwaka 1976 James Kitching aliokota katika eneo la Golden Gate mayai ya dinosaria aitwaye Massospondylus, yakiwa bado na viinitete ndani, yenye umri wa miaka kama milioni 190. Mwaka 2018 wanasayansi walitangaza Ledumahadi mafube, dinosaria wa tani 12 aliyepatikana katika jimbo la Free State. Kwa nini basi majoka yasiwe yametokana na mifupa hiyo tu? Mwaka 2024 Julien Benoit alichapisha utafiti kuhusu mchoro wa Kisan wa jimbo hilohilo unaoonyesha mnyama mrefu aliyejipinda, mwenye meno makubwa yanayoelekea chini. Alipendekeza kwamba mchoraji aliongozwa na visukuku vya disinodonti, mnyama aliyetoweka zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, ambaye mafuvu yake hupatikana kwa wingi katika eneo hilo. Mchoro huo ni wa kati ya mwaka 1821 na 1835, na Richard Owen wa Uingereza alimweleza disinodonti kitaalamu mwaka 1845. Kama Benoit amepatia, Wasan walimtambua mnyama huyo kabla ya maprofesa, na wanastahili heshima hiyo. Lakini pendekezo lake haliivunji hoja ya maji. Yeye mwenyewe anamhusisha kiumbe huyo na ibada za mvua. Mfupa ungeweza kumpa joka sura na meno. Kazi ya kuleta maji haikutoka kwenye mfupa, ilitoka kwa watu waliouona mlima ukilisha mito mwaka hadi mwaka.

Namna mlima unavyolisha mito ni jambo ambalo wageni wengi hulipita bila kulitazama, kwa sababu macho yao yako kwenye vilele. Juu kabisa ni mwamba wa volkano uitwao basalti, uliomwagika kiasi cha miaka milioni 180 iliyopita wakati bara la kale la Gondwana lilipoanza kupasuka. Chini yake ni jiwe la mchanga la rangi hafifu, ambalo zamani lilikuwa vilima vya mchanga wa jangwa, na ndilo lenye mapango yaliyochorwa. Maji hushuka kupitia nyufa za basalti. Lakini kwenye vichwa vya mabonde, mahali penye baridi kali, hukutana na kitu kingine: chepechepe za mboji nyeusi. Mimea hufa hapo bila kuoza sawasawa, kwa kuwa baridi na maji yaliyotuama huwanyima vijidudu hewa wanayoihitaji. Mabaki hulundikana tabaka juu ya tabaka kwa maelfu ya miaka. Wakati wa kipupwe maji yaliyo ndani ya udongo huganda, hutanuka na kuusukuma udongo juu, hivyo uso wa chepechepe hujaa vinundu vilivyofunikwa na majani. Maji hupenya kati ya vinundu na ndani ya mboji kwa mwendo wa taratibu, hutua mchanga yaliyobeba, na kutoka upande wa chini yakiwa safi. Hapo ndipo Mto Senqu unapoanza, kisha unaivuka Lesotho, unapata jina la Orange nchini Afrika Kusini na kuishia katika Atlantiki. Na upande wa pili wa ukingo huohuo Thukela inaporomoka kuelekea Bahari ya Hindi. Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba mambo haya ni ya kusini tu: Rwenzori na Mlima Kenya pia zina chepechepe za mboji kwenye miinuko yake.

Kifo cha chepechepe huanza na jambo dogo. Kwato za ng'ombe na kondoo hukata njia moja, maji yaliyokuwa yameenea hukusanyika katika njia hiyo, na mwishoni mwake hutokea ngazi fupi ya udongo. Maji yakiruka ngazi hiyo huichimba kwa chini. Ngazi huporomoka na kurudi nyuma kidogo, kisha tena, ikipanda bonde kinyume cha mkondo. Korongo linapofika katikati, maji yaliyo ardhini hushuka hadi kimo cha sakafu yake. Mboji iliyobaki juu hukauka, hewa huingia, na uozo uliosubiri maelfu ya miaka hukamilika haraka, huku kaboni ikirudi angani. Panya wa baridi, mnyama wa milima hiyo, huchimba mashimo katika udongo uliolegea na kuuharakisha mmomonyoko. Kwa muda fulani uso unaweza kubaki kijani na mpita njia asitambue kitu. Katika imani nyingi za Kusini mwa Afrika, nyoka wa maji akisumbuliwa huondoka, na chemchemi hukauka baada yake. Kama maelezo ya mfuatano wa sababu na matokeo, sioni yamekosea wapi: ukivuruga dimbwi, utapoteza maji.

Wataalamu wa maji watanipinga hapa, na wana haki. Imezoeleka kusema kwamba chepechepe ni sifongo inayofyonza mvua na kuikamua wakati wa ukame. Mwaka 2003 Andrew Bullock na Mike Acreman walipitia tafiti nyingi za ardhi oevu duniani na kuonyesha kwamba si rahisi hivyo. Ardhi oevu iliyo kwenye vyanzo vya mito, ikiwa imeshiba, haina nafasi ya kupokea dhoruba mpya na inaweza hata kuongeza mafuriko. Na mimea yake hurudisha maji mengi angani wakati wa kiangazi. Nakubali, na ningependa watetezi wa mazingira waache kuahidi wasichoweza kuthibitisha. Ila kosa la mfano wa sifongo halimpi mtu ruhusa ya kuacha chepechepe zife. Chepechepe iliyokatwa na korongo haigeuki kuwa bonde kavu lenye manufaa. Inakuwa chanzo cha tope, na tope hilo lazima liende mahali fulani.

Linaenda kwenye mabwawa. Kwa mkataba wa mwaka 1986, Lesotho inaiuzia Afrika Kusini maji. Bwawa la Katse, lenye ukuta wa mita 185, lilikamilika mwaka 1996. Baadaye likaja la Mohale, na sasa linajengwa la Polihali. Awamu ya kwanza ya mradi huo ilipangiwa kupeleka hadi mita za ujazo milioni 780 kwa mwaka kwa njia ya mahandaki, na maji hayo hufika jimbo la Gauteng, penye Johannesburg na Pretoria. Serikali ya Lesotho hulipwa mrabaha. Basi ni haki kuuliza ni kiasi gani cha fedha hizo kinachopanda hadi kwenye kambi za wachungaji ambako maji yanaanzia. Husemwa kwamba wachungaji ndio wakosaji, kwa kuwa mifugo ni yao. Mifugo ni yao kweli, lakini sufu ya kondoo na singa za mbuzi wa Angora ni kati ya bidhaa chache ambazo Mosotho wa milimani anaweza kuuza nje, na malisho ya chini yamechakaa. Mchungaji anayelala kambini na kundi kwenye baridi hakuulizwa chochote mkataba ulipotiwa saini. Kumtaka aache malisho bila kumpa njia nyingine ni kumtwika gharama ya mabomba ya watu wengine. Zege lilipata mabilioni; vyanzo vipate japo sehemu ya kudumu, ya kulipia wachungaji wanaopumzisha mabonde na wanaoziba makorongo yangali machanga.

Michoro nayo imetelekezwa kwa namna hiyohiyo. Hifadhi ya uKhahlamba-Drakensberg iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Sehlabathebe ya Lesotho ikaongezwa mwaka 2013, lakini mapango mengi yako nje ya mipaka ya hifadhi. Moshi wa mioto umeyapaka masizi, watu wamechora majina yao, na wageni wamekuwa wakimwagia michoro maji ili rangi zikolee kwenye picha, jambo linaloiharibu haraka. Mtu anayemwagia mchoro wa Sehonghong maji anafuta ushahidi ambao Qing aliufafanua, na hakuna Qing mwingine wa kuuliza.

Zaidi ya maji na michoro, milima hii ina mengine mengi: umeme wa kituo cha 'Muela, megawati 72; malisho ya miezi ya joto; majani ya kuezekea; mitishamba; mshubiri wa mzunguko, ua la taifa la Lesotho, ambao huibwa na kuuzwa; maficho ya tai mla mifupa, ambaye anazidi kupungua; barabara ya Sani kwa watalii wa magari; michezo ya theluji; na uvuvi wa trauti, samaki wa kuletwa, aliyechangia kumpunguza samaki mdogo wa Maloti ambaye haishi popote pengine duniani.