Kabla Hujamlipa Daktari wa Simu

Ukiwa Kangeta, kumwona daktari mara nyingi ni nauli ya Maua na foleni ya asubuhi nzima. Siku hizi unaweza kuongea naye kwa video, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inatambua matibabu ya mbali. Lakini matapeli nao wana simu. Tunakuomba usiharakishe PIN. Uliza jina kamili la daktari, ulitafute kwenye rejista ya KMPDC mtandaoni. Kisha lipa kwa Paybill au Till ya kliniki, si namba ya mtu binafsi. Jina linalotokea lisipolingana, katisha malipo. Ile SMS usiifute, ndiyo risiti yako. Na mtoto akishindwa kupumua, achana na video. Tafuteni gari mwende hospitali.